Kitambaa Cheupe Dirishani

Mama Kwanini hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa na askari wenzake mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha atakuuliza kwa nini, na ukimjibu atakuuliza umejuaje. Miaka ishirini na sita baadaye alikuwa inspekta, jina lake la kweli limebaki kwenye hati ya mshahara tu, na Jumatatu hii, saa tatu asubuhi, aliketi mbele ya nesi aliyekuwa rumande tangu Jumamosi.

"Saa nane mchana mwendesha mashtaka anapeleka faili mahakamani," alimwambia. "Kosa ni mauaji. Nina saa tano. Nieleze tena habari ya Jumanne, na safari hii usinibakizie kitu."

Nesi alikuwa na miaka thelathini na kitu, bado yumo ndani ya sare ya kazini aliyokamatwa nayo. Alidaiwa kumuua mjomba wake mwenyewe. Mtaa mzima ulimwita Fundi Rangi, maana alichanganya rangi za kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na nane kabla ya kustaafu. Alikutwa Jumamosi sakafuni chumbani mwake, kisogo kimepasuka. Daktari alisema alikufa kati ya Jumanne na Alhamisi. Kwa joto la wiki ile, hata angebanwa vipi, asingeweza kusema zaidi. Na mtu wa mwisho kuonekana akitoka mlangoni kwa mzee alikuwa huyu nesi, Jumanne saa kumi na moja jioni, tena akitoka kwa makelele.

"Tuligombana," nesi alisema. "Sijakataa."

"Kwa nini?"

"Nilimtaka ahamie kwangu. Nimepata nyumba ya vyumba viwili. Yule mzee amenilea, afande. Mama alifariki nina miaka sita, yeye akanichukua. Hakuoa, hakuzaa, alikuwa na mimi tu. Sasa anazeeka peke yake ghorofa ya tatu, akipanda ngazi anapumzika mara nne."

"Akakataa."

"Angekataa tu ningeelewa. Lakini alinipa sababu! Eti ana kitambaa dirishani hakijamaliza siku zake. Siku ishirini na moja, hazipunguzwi. Kitambaa, afande! Cheupe, hata rangi hakina. Mimi na kitambaa, akachagua kitambaa. Nikamwambia..."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia basi kaa na matambara yako, ndiyo yatakayokuzika."

Maneno hayo hayo yalikuwa kwenye faili, yameapiwa na mshonaji wa chumba cha jirani aliyeyasikia kupitia ukutani. Kwako na kwangu hayo ni maneno ya hasira ya mtoto kwa mzazi. Kwa mwendesha mashtaka ni kitisho cha kuua, na kitisho kilichofuatwa na maiti ni kesi nzuri.

"Na kuanzia Jumatano?"

"Wodini. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, halafu bweni la manesi. Waulize."

Mama Kwanini alikwisha kuwauliza. Daftari la zamu lilikubali, matroni alikubali, na wagonjwa wawili walikubali kabla hata hawajaulizwa. Kwa hiyo yote yaliangukia siku moja. Kama Fundi Rangi alikufa Jumanne, nesi hakuwa na pa kutokea. Kama aliiona Jumatano, nesi alikuwa mbali, mbele ya macho ya watu thelathini. Na aliyejua ni siku gani alikuwa mochwari.

* * *

Mama Kwanini alikwenda nyumbani kwa mzee na Koplo, kwa sababu Koplo ndiye aliyefika chumbani mwanzo siku ile ya Jumamosi. Alikuwa kijana mwenye bidii sana, na bidii ya Koplo ilikuwa imewahi kuharibu kesi mbili.

Chumba kilikuwa kimoja, kirefu, na mwenyewe alikitumia kwa kazi kuliko kwa kulala. Kitanda cha futi tatu, meza ndogo, sahani moja, kikombe kimoja, kijiko kimoja kimeegemezwa kwenye kikombe. Upande wa pili jiko la chuma lenye pembe kali, juu yake masufuria ya kuchemshia rangi. Ukutani vipande vya nguo vimebandikwa safu kwa safu, vyekundu, kijani, zambarau, kila kimoja nusu yake imefunikwa kadi ngumu na nusu imeachwa kwa jua. Ile iliyoachwa ilikuwa imepauka. Dirisha lilikuwa moja, juu, karibu na dari, na kwenye kizingiti chake kibao chenye kitambaa cheupe, urefu wa kiwiko hadi vidoleni, nusu kimefunikwa kadi vilevile.

"Damu yake ni hii hapa, kwenye pembe ya jiko na chini yake," Koplo alionyesha. "Halafu tazama pale mlangoni. Damu nyingine. Nadhani alipigwa pale akaburuzwa mpaka hapa. Hiyo si ajali, afande."

Doa la mlangoni lilikuwa jekundu, limesambaa, limekauka.

"Kwa nini hili jekundu na lile la jikoni limekuwa jeusi?"

Koplo alifikiri. "Labda ni la baadaye?"

"Panda kitandani ufunge dirisha."

Koplo alivuta mbao za dirisha, chumba kikawa giza. Mama Kwanini alitoa mkobani taa ndogo ya zambarau, ile wanayokagulia noti bandia. Akaiwasha juu ya damu ya jikoni. Pakawa peusi zaidi ya mwanzo. Akaenda mlangoni, akamulika doa. Doa likawaka rangi ya chungwa, kama kaa la moto.

"Loo!" Koplo alisema.

"Damu inakula mwanga, hairudishi kitu. Hii imerudisha. Ni rangi ya nguo, mzee aliimwaga siku nyingine huko nyuma. Hakuburuzwa na mtu."

Alipogeuka na taa bado inawaka mkononi, mwanga wake ukapita juu ya dirisha, na kitambaa cheupe kikawaka samawati. Hakikuwaka sawasawa. Upande wa kushoto kilikuwa hafifu, kisha kikaongezeka kidogo, kisha kidogo tena, kwa mistari iliyonyooka ya upana wa kidole, ngazi baada ya ngazi kuelekea kwenye kadi. Alipanda kitandani, akainua ukingo wa kadi kwa ncha ya kalamu. Chini yake kitambaa kilimeremeta kuliko kote.

Kitambaa kisicho na rangi, alisema nesi. Basi rangi kilikuwa nayo, ila jua ndilo lililoijua. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na maandishi madogo: *Imeanza tarehe 3.*

"Usikiguse," alimwambia Koplo, naye Koplo akaweka mikono nyuma. "Kaniitie mshonaji."

Mshonaji alikuja na utepe wa kupimia shingoni, akabaki kizingitini mwa mlango kama mtu aliyekataa kuingia kabla hajakaribishwa.

"Mama, hiki kitambaa alikuwa akikifanyia nini?"

"Hicho? Ah, hicho ndicho saa yangu. Kila siku saa sita kamili mchana anapanda kigoda, anaisogeza ile kadi kidole kimoja, anashuka. Nikisikia kigoda kinaburuzwa nazima cherehani, najua wakati wa kula umefika. Hakosei. Ana vitambaa vyake vya kupimia jua linavyokula rangi tangu nimjue, na hakosei."

"Jumatano ulisikia kigoda?"

"Jumatano sikuwepo. Niliondoka alfajiri kupeleka sare za shule, nikarudi Ijumaa usiku. Jumamosi asubuhi ndipo nikasikia harufu."

"Na wapangaji wengine wa ghorofa hii?"

"Wapi! Maji hayapandi, wamehama wote. Tulibaki yeye na mimi."

"Mlikuwa mkitembeleana?"

Mshonaji alishika ncha ya utepe wake. "Tulikuwa tukisalimiana ngazini."

"Mmeishi hapa pamoja miaka mingapi?"

"Kumi na mmoja," alisema, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuona aibu.

Mama Kwanini alimshukuru. Kisha akatazama chini ya dirisha, akatazama mezani, akamgeukia Koplo.

"Kigoda anachopandia dirishani kipo chini ya meza, upande wa pili wa chumba. Kwa nini?"

Koplo alijifanya anakagua mbao za dirisha.

"Koplo."

"Jumamosi kilikuwa kimelala ubavu, afande. Pale, kati ya dirisha na jiko. Nikakiinua."

"Kwa nini?"

"Nilihitaji pa kukaa niandike ripoti."

"Ripoti hiyo hiyo isiyotaja kigoda popote."

"Nilikuwa nimekikalia, afande. Sikukiona tena."

Kuna watu ukiwagombeza unapoteza pumzi. Mama Kwanini alikaa kitandani kidogo, mahali ambapo mzee alilala peke yake miaka yote ile, akapanga. Kigoda kimeanguka chini ya dirisha. Pembe ya jiko iko hatua moja kutoka hapo. Mzee anapanda saa sita, anasogeza kadi, anashuka vibaya, anaanguka chali. Hapakuhitajika mtu wa pili. Lakini saa sita ya siku gani?

"Kadi uliigusa?"

"Kadi sikuigusa. Haki ya Mungu."

Alimwamini, lakini mahakama haitamwamini mtu aliyehamisha kigoda. Saa tano na nusu alikifunga kibao chote ndani ya karatasi nyeusi kutoka kabatini mwa marehemu, akatoka nacho amekikumbatia kifuani.

* * *

Mkemia alikuwa na chumba chake chini ya jengo la maabara, mahali pasipofika mtu ila mwenye shida. Kwa hiyo anayefika huongeleshwa mpaka akome. Alizima taa, akamulika kitambaa, na akasahau kusalimia.

"Nani amefanya hii?"

"Mzee mmoja mchanganya rangi. Amekufa. Kila siku saa sita alisogeza kadi kidole kimoja. Nataka unihesabie ngazi. Alianza Jumatatu tarehe tatu. Zikiwa tisa, mara yake ya mwisho ilikuwa Jumanne tarehe kumi na moja, na mtoto wa dada yake anapelekwa mahakamani saa nane. Zikiwa kumi, aliiona Jumatano."

Mkemia alitembeza kalamu juu ya kitambaa bila kukigusa. Alihesabu kwa sauti. Alipofika nane alipunguza mwendo. Tisa. Kalamu ilisimama, ikasogea tena.

"Kumi."

"Hesabu upya."

"Kumi, dada yangu. Njoo uhesabu mwenyewe."

Alihesabu mwenyewe. Zilikuwa kumi, na moyo wake ulikuwa unadunda, na alichukia kwamba ulikuwa unadunda, kwa sababu kazi ilikuwa bado.

"Sasa nieleze kwa nini zipo," alisema. "Nieleze kama hakimu, si kama mkemia."

Mkemia alifurahi, maskini. Pengine hakuulizwa hivyo mwaka mzima.

"Pamba nyeupe hutiwa dawa ya kung'arisha. Molekuli yake ni mnyororo wa kaboni wenye vifungo vya zamu: kimoja, viwili, kimoja, viwili. Vifungo vikipangana hivyo, elektroni hazibaki kwa atomi moja, zinatembea ukoo mzima. Mwanga ukigonga mnyororo, elektroni inaunyaka na kuruka daraja la juu. Huko haikai, hata nukta ya sekunde. Lazima ishuke, na lazima irudishe ilichochukua. Sehemu inatoka kama joto, molekuli inajitikisa tu. Sehemu inatoka kama mwanga, dhaifu kidogo kuliko ule ulioingia. Kwa hiyo jua linaleta mwanga usiouona, kitambaa kinakurudishia samawati, na wewe unasema ah, shati jeupe."

"Na rangi nyingine? Nyekundu, kijani?"

"Ndugu zake. Refusha mnyororo, unanyaka mwanga dhaifu zaidi, jicho linapata rangi nyingine. Mzee wako alikuwa anaishi kwa kurefusha na kufupisha minyororo."

"Ngazi, Mkemia."

"Ngazi zinatokana na ajali. Mara moja katika maelfu, molekuli ikiwa huko juu na nguvu zote zile, haishuki salama. Inajipinda, au oksijeni inaidaka, na mnyororo unakatika. Uliokatika haunyaki tena mwanga ule. Kila siku ya jua inaua kadhaa. Sehemu iliyokaa juani siku nyingi imebaki na chache, inawaka hafifu. Iliyokaa siku moja imebaki na nyingi. Wiki mbili hizi hapakuwa na wingu, kwa hiyo kila ngazi imepishana na mwenzake karibu sawasawa."

"Vizuri. Sasa mimi ni wakili mkorofi. Ngazi ya kumi haikufunguliwa na mzee. Ilifunguliwa Jumamosi na askari mwenye kiherehere."

Mkemia alivuta mashine yake ya kupimia, kidude cha ukubwa wa redio, akaiweka juu ya kitambaa kilichokuwa chini ya kadi, kisha juu ya ngazi ya kumi. Alifanya hivyo mara tatu na kuandika kila mara.

"Kama ni Jumamosi, ingekuwa imepoteza mwanga wa siku mbili. Imepoteza karibu siku tano."

"Jumatano saa sita mpaka leo asubuhi."

"Tano kasoro kidogo. Ndiyo."

"Wakili bado mkorofi. Ilifunguliwa Jumanne jioni na mpwa wake, baada ya kumuua, ili kutudanganya."

Hapo Mkemia alitabasamu. "Basi kati ya ngazi ya tisa na ya kumi pangekuwa na tofauti ya alasiri moja tu. Kuna tofauti ya siku nzima, kama ngazi nyingine zote. Aliyeisogeza hii aliisogeza Jumatano, karibu saa sita, na aliijua kazi."

"Andika hayo. Weka sahihi."

Saa saba na nusu alimpigia mwendesha mashtaka akiwa bado kwenye ngazi za jengo la maabara, karatasi ya Mkemia mkononi.

"Unataka kunivunjia kesi kwa tambara?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Kwa tambara, kigoda na daftari la zamu. Ukitaka kesi nyingine ninayo, ya koplo aliyekalia ushahidi."

Upande wa pili wa simu faili lilifungwa kwa kishindo.

"Mtoe," alisema mwendesha mashtaka, akakata.

* * *

Walimtoa saa nane kasoro dakika kumi. Mama Kwanini alimkalisha kwenye benchi la korido, akampa fomu na kalamu, akamweleza kwa ufupi: kitambaa, ngazi kumi, kigoda. Mjomba wake alipanda Jumatano saa sita kusogeza kadi, akaanguka. Hakuna aliyemsukuma. Hakuna kesi.

"Kwa hiyo natoka?"

"Unatoka. Saini hapa, na hapa."

Nesi alisaini ya kwanza. Kwenye ya pili kalamu ikasimama.

"Jumatano alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Baada ya mimi kumwambia vile. Alilala, akaamka, akanywa chai yake."

"Ndiyo."

"Alikufa pale pale?"

Mama Kwanini angeweza kusema ndiyo. Koplo, aliyesimama karibu na mlango, alikuwa anatazama sakafu, na ilionekana wazi anaomba aseme ndiyo. Lakini mwanamke huyu alikuwa nesi. Ripoti ya daktari angeiomba na angeielewa kuliko wao.

"Daktari anafikiri si pale pale. Damu ilivia ndani polepole. Saa kadhaa. Pengine mpaka usiku."

"Aliita?"

"Hatujui. Ghorofa haikuwa na mtu."

Nesi aliweka fomu magotini, akailainisha kwa kiganja kana kwamba ni shuka.

"Jumatano jioni tulikuwa na mzee kitanda namba saba," alisema. "Hakuwa na ndugu. Zamu yangu ikaisha, sikuondoka. Nilimshika mkono mpaka akakata roho, saa nne usiku. Sisi hatumwachi mtu afe peke yake, afande. Ndivyo tulivyofundishwa. Mtu simjui hata kwao ni wapi, nimemshika mkono. Mngeniambia tu ni mimi niliyemsukuma. Ingekuwa mimi, angalau angekuwa na mtu."

Akaanza kulia, kwa sauti, bila kujifunika uso.

Mama Kwanini alikaa kwenye benchi kando yake. Baada ya muda Koplo akauliza kama aite gari, na Mama Kwanini akatikisa kichwa.